Titi Jipya Kutoka Tumboni Mwako

Kila ikifika Oktoba mji mzima unageuka pinki. Benki zinawavisha wafanyakazi wao fulana za pinki, ofisi zinaandaa matembezi ya Jumamosi asubuhi, na sisi wa magazeti tunachapisha ule mchoro wa mwanamke aliyeinua mkono akijipima titi mbele ya kioo. Yote ni mazuri. Lakini kuna swali moja ambalo fulana haijibu, na ndilo wadada wanaloulizana kwa sauti ya chini saluni: sawa, nimejipima, nimekuta uvimbe, nimeambiwa titi linatoka lote. Halafu? Ndio nitabaki hivyo?

Tuambizane ukweli, swali hilo linaua. Hospitali zetu za Afrika Mashariki, Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam ikiwemo, bado zinapokea wanawake wengi ambao ugonjwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Sababu ziko nyingi: umbali, nauli, majibu ya vipimo yanayochelewa, mganga wa kienyeji aliyetangulia kupokea pesa. Ipo na hofu ya kukatwa. Mtu anakaa na uvimbe miezi na miezi kwa sababu anaogopa kisu kuliko anavyoogopa kansa, na nyuma ya kisu anamwona mume, au mchumba ambaye mahari ndio kwanza imepelekwa, au gauni la send-off ambalo fundi ameshachukua vipimo.

Basi mwezi huu tuongelee kinachofuata baada ya kisu. Titi linaweza kujengwa upya, na linaweza kujengwa kwa mwili wako mwenyewe: ngozi yako, mafuta yako, wakati mwingine na msuli wako. Bila silikoni. Ni upasuaji mkubwa, una gharama zake mwilini na mfukoni, na si kila mtu anaufaa. Ndiyo maana inabidi uujue kabla hujafika chumba cha daktari, maana siku unayopewa majibu ya kansa akili haishiki hata jina la mtaa unaokaa.

Neno moja kabla hatujaenda mbali. Si kila saratani ya titi inahitaji titi litolewe lote. Ikigundulika mapema, mara nyingi daktari anaweza kuondoa uvimbe na sehemu kidogo inayouzunguka, kisha mionzi ikamalizia kazi, na titi likabaki. Uliza hilo kwanza. Ukishaambiwa haiwezekani, endelea kusoma.

SIRI IKO KWENYE DAMU

Kwa nini daktari asichote tu mafuta ya kiunoni akayapachika kifuani, mambo yakaisha? Kwa sababu nyama isiyo na damu inakufa. Ukitaka kuhamisha mche wa mchungwa hauung'oi kama magugu, unauchimbua pamoja na udongo wake na mizizi yake. Mwili nao ni hivyo hivyo. Kipande kinachohamishiwa kifuani lazima kiende na mishipa yake, mmoja unaoleta damu na mwingine unaoirudisha. Mbinu zote nitakazozitaja hapa zinatofautiana kwenye jambo hilo moja tu: namna ya kuuhamisha mche bila kuukausha.

Watu wamehangaika nalo muda mrefu. Mwaka 1895 daktari wa Kijerumani, Vincenz Czerny, alimtoa mwanamke mmoja uvimbe kwenye titi, akaziba pengo kwa uvimbe wa mafuta ambao mama huyo alikuwa nao sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1906 Muitaliano Iginio Tansini akaja na wazo zito zaidi. Alichukua ngozi ya mgongoni pamoja na msuli mpana ulio chini yake, ule unaokusaidia kuvuta ndoo kisimani, akauzungusha kwa kupitia kwapani mpaka mbele, huku mshipa wake wa damu haujakatwa. Kipande kikaishi.

Ungedhani dunia ingemshangilia. Wapi! Wakati huo jina kubwa lilikuwa la William Halsted wa Baltimore, Marekani, ambaye upasuaji wake ulikuwa wa kuondoa titi, misuli ya kifua na matezi ya kwapani kwa pamoja. Habari ya kurudisha umbo haikuwa na nafasi. Mbinu ya Tansini ikalala karibu miaka 70, mpaka madaktari walipoifufua miaka ya 1970.

Mgongo unatumika hadi leo, na kuna sababu. Upasuaji wake unachukua saa tatu au nne, mshipa wake ni imara, na hauhitaji hadubini. Kasoro yake ni kwamba mgongo wa watu wengi hauna mafuta ya kutosha, kwa hiyo titi likiwa la wastani au kubwa daktari huongeza kifuko cha silikoni chini yake. Tena maji hupenda kujikusanya mgongoni baada ya operesheni, yakabidi kuvutwa kwa sindano zaidi ya mara moja.

KITAMBI CHENYE FAIDA

Sasa tuje tumboni, ambako ndiko kwenye hazina. Mwaka 1982 daktari Carl Hartrampf wa Atlanta, Marekani, na wenzake walichapisha mbinu iliyobadilisha mambo. Fikiria upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wa urembo: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu hukatwa yakatupwa. Hartrampf aliona kwamba nyama hiyo hiyo inaweza kubaki hai ikiachwa imeshikana na msuli mmoja wa tumbo, ile misuli miwili iliyosimama wima ambayo vijana wa gym wanaitafuta kwa jasho. Akaupitisha msuli pamoja na mzigo wake chini ya ngozi, kutoka tumboni mpaka kifuani, akafinyanga titi. Mbinu hii inaitwa TRAM.

Wagonjwa walifurahi: titi laini, la joto, na tumbo limekaa vizuri kwa hesabu moja. Lakini msuli ukiondoka, nao haurudi. Wapo waliobaki na tumbo dhaifu, wapo waliopata ngiri au uvimbe upande mmoja, na wengine kuinuka kitandani asubuhi kukawa kazi mpaka wageuke ubavu kwanza. Kwa mwanamke anayebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani hilo si jambo dogo, na mtaalamu anayekueleza TRAM bila kukuuliza maisha yako ya kila siku yakoje, mimi ningemuuliza maswali ya ziada.

Ndipo likaja swali zuri: je, lazima msuli uende? Mwaka 1989 Isao Koshima na Shigeaki Soeda wa Japani walionyesha kwamba ngozi na mafuta ya tumbo vinaweza kuishi kwa kutegemea vimishipa vidogo vinavyopenya msuli, bila msuli wenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, Robert Allen akiwa New Orleans akaitumia njia hiyo kujenga titi. Ikapewa jina la DIEP, kwa herufi za kwanza za mshipa wenyewe, na madaktari wanaitamka "diip". Leo ndiyo inayochukuliwa kuwa bora zaidi kwenye hospitali zenye uwezo wa kuifanya.

SIKU YENYEWE

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wakisikia "wanatoa tumbo wanaweka kifuani" wanapata picha ya buchani. Sivyo.

Kabla ya siku hiyo unapigwa picha ya CT ya tumbo, ili daktari aone vile vimishipa vimepita wapi. Havifanani kati ya mtu na mtu, hata kushoto na kulia kwa mtu mmoja. Asubuhi ya operesheni anakuchora kwa kalamu ya wino ukiwa umesimama, kwa sababu titi linakaa tofauti mtu akilala. Kama titi linatolewa siku hiyo hiyo, mara nyingi timu mbili zinafanya kazi kwa pamoja, moja kifuani inaondoa ugonjwa, nyingine tumboni inaandaa kipande.

Tumboni wanakata umbo kama la jicho kubwa, kutoka nyonga hadi nyonga, chini kidogo au juu kidogo ya kitovu kwenda chini. Kisha inaanza kazi ya subira: kukitafuta kimishipa chenye upana wa milimita moja au mbili, kukifuata ndani ya msuli kwa kuzitenganisha nyuzi za msuli bila kuzikata, mpaka kwenye mshipa mkubwa kilikotoka. Hapo ndipo unakatwa. Kuanzia dakika hiyo kipande hakina damu na saa inahesabu.

Kifuani wameshaandaa mishipa ya kupokea, iliyo pembeni ya mfupa wa katikati ya kifua, na kuifikia mara nyingi huondoa kipande kidogo cha gegedu la ubavu. Daktari anainama kwenye hadubini na kushona mshipa kwa mshipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Akimaliza anafungua vibanio. Damu ikiingia, kipande kilichokuwa baridi kinapata joto na kinaanza kutoa damu pembeni. Baada ya hapo ndipo anapofinyanga umbo. Tumbo linafungwa kama la mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza kitambi, na kitovu kinatolewa kupitia tundu jipya. Titi moja huchukua kama saa sita hadi nane, mawili zaidi.

Usiku wa kwanza ndio wenye presha. Nesi anakuja kila saa kukiangalia kipande, maana damu ikiganda kwenye ule mshono mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji haraka, na mara nyingi kipande kinaokolewa. Vitabu vingi vinasema angalia rangi. Lakini kwenye ngozi yetu nyeusi kubadilika kwa rangi hakuonekani upesi kama kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo nesi anapaswa kutegemea zaidi joto, ulaini, na kifaa kidogo kinachosikiliza sauti ya damu ikipita. Kwenye vituo vyenye uzoefu vipande vinavyokufa kabisa ni kama kimoja hadi vitatu kwa kila mia. Kikifa kinaondolewa, na mtu anaanza kufikiria njia nyingine akiwa na kovu refu tumboni. Ni vizuri uijue hesabu hiyo kabla ya kusaini.

Mwenye tumbo jembamba asikate tamaa. Siku hizi wanachukua pia kwenye paja la ndani, nyuma ya paja au kwenye makalio. Na kuna njia ya kunyonya mafuta kwa mrija na kuyadunga kifuani kidogo kidogo, kwa awamu kadhaa, kwa sababu sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili. Njia hii hutumika zaidi kusawazisha palipobonyea.

UTAKACHOPATA, USICHOPATA

Utapata titi linalokaa ndani ya sidiria kama mwenzake, la joto kama mwili, linalozeeka na wewe. Ukinenepa nalo linanenepa, ukikonda linakonda. Kichekesho cha madaktari wa fani hii ni kwamba titi hilo bado linajiona ni tumbo, na kwa kweli ndivyo linavyofanya.

Hutapata hisia ulizokuwa nazo. Mishipa ya fahamu imekatwa, na ingawa wengine hurudishiwa hisia kidogo baada ya miezi au miaka, na baadhi ya wapasuaji wanajaribu kuiunganisha mishipa hiyo, usitegemee raha ile ya zamani. Ganzi hii ina hatari ambayo haisemwi vya kutosha: kuungua. Wapo walioungua titi au tumbo kwa chupa ya maji ya moto bila kujua. Sasa mfikirie bibi yako anayeamini kila maumivu dawa yake ni kukandwa kwa kitambaa na maji ya moto. Mwambie mapema, shikamoo bibi, hapa hapakandwi.

Hutanyonyesha kwa titi hilo. Hutakosa makovu, moja duara au mstari kifuani na moja refu tumboni linalofichwa na chupi. Kama wewe ni wa makovu ya kuvimba, unayajua mwenyewe toka ulipotoboa masikio, mwambie daktari aweke mpango wa kuyadhibiti tangu mwanzo. Na hutarudi kazini Jumatatu. Hesabu wiki sita hadi nane bila kunyanyua kitu kizito, za kwanza ukitembea umeinama kidogo kama unatafuta sarafu iliyodondoka, kwa sababu tumbo limevutwa.

Kuna swali linaulizwa sana: je, titi jipya linarudisha kansa, au linaificha? Tafiti zilizofanyika miaka mingi hazijaonyesha kwamba kujenga titi kunaongeza kurudi kwa saratani. Kinachoweza kutokea ni kidonda kuchelewa kupona na dawa za kemo zikasogezwa mbele, ndiyo maana daktari wa saratani lazima akae meza moja na wa kurekebisha. Na lile titi lingine linaendelea kuchunguzwa kama kawaida.

MWAMBIE DAKTARI HAYA

Wengi wanauliza, "Nimezaa kwa operesheni mara mbili, tumbo langu bado linafaa?" Mara nyingi ndiyo. Kovu la kawaida la chini, la bikini, halizuii. Kinachozuia ni kama umeshafanya upasuaji wa kupunguza tumbo: ile nyama imeshatupwa na vile vimishipa vimeshakatwa. Hata kunyonya mafuta ya tumbo kunaweza kuharibu mambo. Wadada mnaopanga kwenda kutengeneza tumbo, na kwenye ukoo kuna mama na shangazi waliougua saratani ya titi, fikirieni hilo mara mbili.

Sigara na shisha zinabana mishipa midogo, ile ile inayotegemewa. Madaktari wengi wanataka uache angalau wiki nne kabla, wengine hawakugusi mpaka uache. Sikoseli isifichwe, kwa sababu kipande kilichokaa bila damu kwa muda ndipo seli hizo zinapoleta balaa. Kisukari, presha na unene uliopitiliza vyote vinaongeza uwezekano wa kidonda kugoma. Na kama mnapanga mtoto, semeni. Wanawake wamebeba mimba na kujifungua salama baada ya upasuaji huu, lakini tumbo linahitaji muda, mara nyingi mwaka au zaidi, na saratani yenyewe ina ratiba yake kuhusu mimba.

LEO HII AU BAADAYE?

Titi linaweza kujengwa siku ile ile linapotolewa. Faida yake ni kwamba ngozi ya titi huachwa, daktari anajaza ndani tu, na umbo linakuwa zuri zaidi. Mgonjwa naye anaamka akiwa na kitu kifuani. Lakini kama utahitaji mionzi baadaye, na wengi wanaofika hospitali wamechelewa huihitaji, mionzi inaweza kukakamaza na kusinyaza titi jipya. Hapo madaktari wengi hushauri usubiri: tibu kansa, maliza mionzi, pumzika miezi kadhaa, ndipo ujenge. Kizuri ni kwamba mlango haufungwi. Titi linaweza kujengwa hata miaka kumi baadaye.

Na hapa ndipo tumbo linapoishinda silikoni. Kifua kilichopigwa mionzi hakipendi kitu kigeni, kifuko hubanwa na kovu gumu au kupata maambukizi. Nyama yenye damu yake inaleta uhai mpya pale. Angelina Jolie, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba ametolewa matiti yote mawili kwa kuwa alirithi jeni hatari, alijengwa kwa vifuko, na kwake ilikuwa njia fupi na ya busara: hakuwa na kansa wala mionzi. Silikoni si adui. Ila si ya maisha, iko siku itahitaji kubadilishwa, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vifuko vyake vya aina ya mkwaruzo baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu.

NA HAPA KWETU?

Hapa niseme bila kupamba. DIEP inataka hadubini, uzi wa pekee, daktari aliyesomea kuunga mishipa, na manesi wa kuamka kila saa usiku kucha. Wataalamu wa upasuaji rekebishi katika ukanda wetu ni wachache, na wengi wao siku nzima wako kwenye majeraha ya moto, ajali za bodaboda na watoto wenye mdomo sungura. Kwa hiyo ukipata huduma hii katika hospitali kubwa za rufaa au za binafsi za Dar es Salaam au Nairobi, kuna uwezekano mkubwa uambiwe kuhusu mgongo au TRAM, zisizohitaji hadubini. Usione umepewa cha daraja la pili. Msuli wa mgongo uliofanywa vizuri na mtu anayeufanya kila mwezi ni bora kuliko DIEP ya mtu anayejaribu.

Wenye uwezo wanapanda ndege kwenda India. Sawa, lakini panga nani atakuangalia ukirudi na kidonda kikafunguka wiki ya tatu, ukiwa Tabata na daktari wako yuko Chennai.

Pesa. Marekani walipitisha sheria mwaka 1998 kwamba mpango wa bima unaolipia kuondolewa titi ulipie pia kulijenga, na titi la pili lisawazishwe lifanane. Kwetu neno "urembo" ndilo linalokatisha maombi mengi kwenye dirisha la bima. Waajiriwa wenzangu, siku HR anapokuja kutangaza mkataba mpya wa bima, acheni kuuliza miwani tu. Ulizeni: kujenga titi baada ya saratani kumo au hakumo? Aandike. Titi lililotolewa kwa ugonjwa likirudishwa ni matibabu, kama vile mguu wa bandia ulivyo matibabu, na hakuna anayemwambia aliyekatwa mguu kwamba anajiremba.

KAKA, KAA HAPA

Najua umeshika gazeti hili kwa sababu liko mezani sebuleni. Kaa.

Uamuzi huu si wako. Unaweza kuwa na maoni, na akikuuliza mwambie kwa upole na ukweli, lakini atakayelala mezani saa nane ni yeye. Kuna wanaume wanaosukuma mke ajengwe upya haraka ili "mambo yarudi", na kuna wanaokataza kwa kuwa eti ni gharama za bure, wewe ni mke wangu hata hivyo. Wote wawili wamejiweka katikati ya jambo la mwenzao.

Tena kuna wanawake wanaochagua kubaki flati, kifua kikashonwa vizuri kikanyooka, maisha yakaendelea. Wengine wanavaa titi la kuchomeka ndani ya sidiria, la silikoni au la kufumwa kwa uzi wa pamba, na wanapendeza harusini kuliko hata mabibi harusi. Hizo nazo ni njia kamili.

Kitandani, ulizeni kabla ya kugusa. Wengine wanataka titi jipya liguswe ili walizoee, wengine hawataki hata taa iwake kwa miezi. Muda wa kuanza tendo daktari atawaambia, mara nyingi ni wiki kadhaa, na mkao wa kulalia tumbo usahauni kwanza.

Kazi utakayopewa wewe ni ya mirija. Akitoka hospitali anaweza kuja nayo miwili au mitatu, inayotoka tumboni na kifuani na kuishia kwenye vichupa vinavyokusanya maji na damu. Kila asubuhi na jioni unanawa mikono, unamimina, unapima mililita, unaandika kwenye daftari na saa yake. Maji yakishapungua vya kutosha, daktari anachomoa. Yakigeuka usaha, au homa ikapanda, au titi likavimba ghafla na kuwa gumu, hamsubiri kliniki ya Jumanne, mnaondoka usiku huo huo.

Miezi mitatu au zaidi baadaye, vidonda vikishatulia, kuna hatua ndogo ya mwisho kwa anayeitaka. Chuchu inafinyangwa kutoka kwenye ngozi ile ile, chini ya ganzi, nyumbani siku hiyo hiyo, halafu rangi inachorwa kwa tatuu mpaka ifanane na ya upande wa pili. Wengine hawafanyi. Wanafika hapo, wanavaa sidiria, wanajitazama kwenye kioo, wanaona imetosha.